Ukungu Si Sitara ya Msitu

Ifikapo mwezi wa Juni, wakati kule pwani kusi limekwisha kushika kasi na wavuvi wengi hawathubutu kuvuka mwamba, watu wa Nairobi huanza kuvaa makoti mazito na kulalamika. Jua huchelewa kutoka, na siku nyingine halitoki kabisa. Hali hiyo huendelea Julai mpaka Agosti. Lakini wako watu ambao msimu huo kwao ni sikukuu, nao ni wapiga picha. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupigiana honi katika barabara ya Ngong, wao wamekwisha kuingia misituni na kamera zao, na wasio na kamera wana simu, kwenda kuutafuta ukungu uliolala baina ya miti.

Matunda ya kazi yao tunayaona kila mahali. Ukiingia katika mabenki na mahoteli ya katikati ya mji, utaikuta picha ya msitu wa ukungu imetundikwa ukutani. Ukifungua kalenda ya mwaka mpya, utaikuta hapo pia. Na katika simu za vijana sikwambii. Aghalabu picha hizo zafanana. Mbele pana shina moja jeusi, nyuma yake mashina mengine yenye rangi ya kijivu, kisha mengine yaliyofifia, kisha weupe mtupu. Atazamaye huvuta pumzi na kusema: "Subhanallah, msitu huu hauna mwisho!"

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Msitu huo una mwisho, tena mwisho wake u karibu mno. Anayeupiga picha wakati wa ukungu tu, asirudi tena, ametusimulia nusu ya habari na nusu nyingine ameiacha kwa wale wanaopenda isijulikane.

Kabla sijaendelea, najua yuko msomaji atakayeuliza: je, mwandishi huyu aliyesoma chuoni amesahau yaliyosemwa kuhusu picha? Sikusahau. Masheikh wetu wametofautiana sana juu ya picha za viumbe wenye roho, na mjadala huo siufungui hapa. Lakini juu ya miti hakuna ugomvi mkubwa. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mungu amwie radhi, alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kuchora, akamnasihi kwamba ikiwa hana budi kuendelea, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Mpiga picha wa msitu, basi, yumo katika sehemu ambayo hata mwenye hadhari hupata nafasi ya kupumua. Ninalomdai mimi si uhalali wa picha bali ni ukweli wake.

Na kwanza tuujue ukungu wenyewe umetoka wapi, kwani sisi watu wa pwani tuna nasaba nao. Upepo wa kusi hutoka baharini umebeba unyevu. Ukifika nchi kavu huanza kupanda, kutoka usawa wa bahari pale Mombasa mpaka Nairobi, ambako ni kama mita 1,700 juu. Ukiendelea magharibi, kuelekea Karen, Dagoretti na Kikuyu, ardhi huzidi kuinuka, na vilele vya Ngong vinakaribia mita 2,460. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba maji yote iliyokuwa nayo, basi maji hayo hugeuka matone madogo mno yasiyoweza hata kuanguka. Matone hayo yakiwa juu twayaita mawingu, na yakigusa ardhi twayaita ukungu. Kwa hivyo sehemu kubwa ya ukungu unaowatoa machozi watu wa Nairobi kila Julai ni bahari yetu, iliyopanda bara bila kukata tikiti ya treni.

Kazi ya kuupiga picha ukungu huo si kazi ya mchezo, na simdharau aiwezaye. Kamera hupima mwangaza kwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu ya wastani. Ukiiachia ifanye ipendavyo, itaugeuza ukungu mweupe uwe kama majivu ya jikoni. Fundi huiongezea mwangaza kidogo, kiasi cha hatua moja, weupe ukarudi. Tena lenzi ijilengayo yenyewe hutangatanga ndani ya ukungu isipate pa kushika, kwa kuwa ukungu hauna ncha wala ukingo. Fundi huilenga kwa mkono, akashikilia gome la mti ulio karibu. Hutumia lenzi ndefu ili miti ya mbali ivutwe na kubanwa pamoja na ya karibu. Hubeba kitambaa kikavu cha kupangusia kioo, kwani umande hauna adabu. Kisha husubiri. Jua linapoanza kupenya, yapata saa mbili au saa tatu za asubuhi, miale hushuka baina ya matawi kama kamba za dhahabu, na hapo huwa amejaliwa dakika chache tu kabla mambo yote hayajatoweka.

Lakini siri kubwa ya kazi hiyo ni kuondoa. Nairobi ni mji wenye fujo nyingi kwa jicho. Popote uelekezapo kamera, nyuma ya mti pana nguzo ya umeme, au paa la mabati, au ghorofa jipya lenye vioo vya buluu. Ukungu huvifuta vyote hivyo bila malipo. Na mpiga picha hushukuru.

Kule kwetu zamani, katika studio za Mombasa, Lamu na Unguja, mtu alipokwenda kupigwa picha ya sikukuu alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa. Wengine walisimama mbele ya bustani, wengine mbele ya jumba la kifahari, na wengine mbele ya bahari yenye meli. Hakuna aliyedanganyika. Mpigaji, mpigwaji na watazamaji wote walijua kuwa hilo ni pazia, na raha ya picha ilikuwa humo humo. Ukungu nao ni pazia, ila tofauti yake ni kwamba atazamaye hajui kuwa pana pazia. Hudhani ameonyeshwa msitu mzima, kumbe ameonyeshwa mistari mitatu ya miti.

Tuchukue msitu wa Ngong Road, huo ambao vijana huupenda zaidi kwa kuwa u karibu na mji upande wa magharibi. Ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 ulikuwa na karibu hekta 2,900. Leo zimesalia kama hekta 1,200, yaani si nusu yake. Sehemu nyingine zilikatwa kwa shughuli za umma, na nyingine zikaangukia mikononi mwa watu binafsi. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza waziwazi jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na misitu ya Karura na Ngong Road imo katika habari hiyo. Baadaye barabara ya Southern Bypass ikapita ndani ya msitu, na malori sasa yanaunguruma mahali palipokuwa pakisikika ndege tu.

Haya yote hayamo katika picha ya ukungu, wala hayawezi kuwamo. Malori hayaonekani, wala ukuta uliojongezwa, wala kisiki. Na visiki vya msitu ule si vya miti ya ovyo. Humo mna muhuhu, ambao Wakikuyu huuita muhugu, mti wa ubao mgumu wenye harufu nzuri, ambao wachongaji vinyago wameuwinda kwa miaka mingi. Mti huo huo uko pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Anayeukata Nairobi na anayeukata kwetu, shoka lao ni moja.

Au tuchukue bustani ya miti ya Arboretum, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, jirani na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo haraka, kwani siku zile injini za reli zilikuwa zikila kuni kwa pupa. Eneo lake ni kama hekta 30 tu. Asubuhi ya ukungu mtu akisimama katikati yake atadhani yuko milima ya Aberdare, hali ya kuwa mwendo wa dakika kumi tu utamfikisha kwenye ua, na ng'ambo ya ua ni mji. Siusemi udogo wake kwa dharau. Kitu kidogo ndicho kinachotaka kulindwa zaidi, na hakilindwi na mtu anayekidhani kikubwa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, sitara. Sisi watu wa pwani neno hili twalijua tangu utotoni. Tumefunzwa kwamba mwenye kusitiri aibu ya mwenzake naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Ni mafunzo mazuri, na laiti yangefuatwa zaidi barazani petu. Lakini wanavyuoni hawakuyaacha mafunzo hayo bila mpaka. Kosa lililo baina ya mja na Mola wake husitiriwa. Ama mtu anayekula mali ya yatima, huyo hasitiriwi. Jirani aliyemwona akinyamaza, jirani huyo ameficha ushahidi, na kuficha ushahidi ni dhambi.

Msitu wa serikali ni nini, kama si mali ya yatima? Mwenyewe ni umma, na umma hauna sauti mpaka mtu mmoja aseme kwa niaba yake. Au tuseme ni kama wakfu, kitu kilichotengwa kiwafae watu kizazi baada ya kizazi, kisiuzwe wala kurithiwa na mtu mmoja. Na sisi tunajua vizuri mambo yaliyoyapata mashamba mengine ya wakfu pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuandika mipaka wala kuihifadhi hati. Yalipungua kidogo kidogo, huku watu wakisema shamba lingali pale.

Kamera ikitumiwa sawasawa ni hati. Tunalo jambo la karibu la kutukumbusha. Mwaka 1998 ilipojulikana kwamba sehemu za msitu wa Karura, ule ulio kaskazini ya Westlands, zimegawiwa wajenzi, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda kupinga. Tarehe 8 Januari 1999 walirudi kupanda miti, wakashambuliwa na watu waliokodiwa, na Profesa akapasuliwa kichwa. Waandishi wa habari walikuwapo na kamera zao, na dunia ikaona. Mnamo Agosti mwaka ule ule Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Profesa alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akafariki mwaka 2011, na msitu wa Karura ungali una zaidi ya hekta 1,000, watu wakitembea humo na watoto wao. Picha za siku ile hazikuwa na ukungu. Hakuna benki ambayo ingezitundika ukutani. Lakini kila kijana anayepiga picha nzuri Karura leo anakula tunda la picha zile mbaya.

Najua jibu litakalotolewa. Wataniambia: "Mzee, uzuri nao ni silaha. Mtu hakilindi kitu asichokipenda, na hakipendi asichokiona kizuri." Ni kweli, na mimi kama mshairi sina nguvu ya kulipinga. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite huko California na kamera kubwa ya sahani za kioo. Picha zake ziliwafikia wakubwa wa mashariki ya Marekani ambao hawakupata kulitia jicho bonde lile, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi. Uzuri ulifanya kazi.

Lakini tuitazame habari hiyo mpaka mwisho. Miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika, mwaka 1851, wenyeji wa bonde lile walikuwa wameingiliwa na kikosi cha wanamgambo wenye silaha na kufukuzwa. Picha zilizowavutia wakubwa zilionyesha bonde tupu, kana kwamba halikupata kuwa na watu. Uzuri uliokoa miti na ukafunika dhuluma, vyote kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo hatari ya picha isiyo na mwenzake.

Na watu wa misitu ya Nairobi nao hufutwa vivyo hivyo. Nimewaona wapiga picha wakisubiri kwa adabu, kamera imeshushwa, mpaka mama aliyebeba mzigo wa kuni apite, wasije wakaharibiwa picha yao. Kwa nini aharibu? Mama yule amekuja kwa miguu kutoka Kibera au Dagoretti, na kuni zile ndizo zitakazopika chai ya watoto. Anaujua msitu ule kuliko mimi na wewe. Anajua ni wapi palikuwa na miti mwaka jana na leo hapana. Akiombwa ruhusa akakubali, apigwe picha, na kama hataki uso wake ujulikane, hapo ndipo ukungu upewe kazi yake ya halali. Na umfunike mnyonge, hiyo ni sitara kweli. Usimfunike aliyejongeza ukuta.

Huenda msomaji wa Mvita au Lamu akasema: "Msitu wa Nairobi unatuhusu nini sisi?" Nimekwisha kumwambia kwamba ukungu wake umetoka kwetu. Sasa nimwambie kwamba maji yake yanarudi kwetu. Mto Motoine hupita upande wa msitu wa Ngong Road, ukashuka Kibera mpaka bwawa la Nairobi, na maji yake huishia katika Mto Nairobi, ambao nao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikaitwa Galana, Galana ikaitwa Sabaki, na Sabaki humwaga baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Aliyesimama ufukweni Malindi wakati wa mvua ameyaona maji yale mekundu yakiipaka bahari matope. Udongo ule haukutoka Nairobi peke yake, kwani mashamba na malisho ya njia nzima yamechangia. Lakini kila mahali palipong'olewa miti pana fungu lake ndani ya matope yale. Tunawapelekea bara unyevu safi, wanaturudishia udongo. Katika biashara hiyo hatuwezi kusema hayatuhusu.

Basi nasihi yangu kwa wapiga picha ni nyepesi, wala haigharimu ila nauli. Piga picha yako ya ukungu, uifanye nzuri kadiri Mungu alivyokujalia. Kisha siku ya jua, saa sita mchana, rudi mahali pale pale, simama chini ya shina lile lile, elekeza kamera upande ule ule, upige tena. Itakuwa picha mbaya, maana mwanga wa saa sita hauna huruma. Andika nyuma yake jina la msitu, mahali na tarehe. Usiandike "Msitu wa Afrika" kama wafanyavyo wauza kalenda, bali andika Ngong Road, andika Arboretum, andika Karura. Mwaka ujao ukirudi kwa ukungu, rudi na kwa jua. Baada ya miaka kumi utakuwa na hati ambayo wakili yeyote angeifurahia.

Na kwa wahariri wenzangu nasema: tukiletewa picha ya ukungu, tumwulize aliyeileta yuko wapi pacha wake. Tuzichape mbili ubavu kwa ubavu, msomaji apendezwe na moja na afahamishwe na nyingine. Kwa wale wanaoshika maneno zaidi yakiwa na vina, nimewatungia ubeti huu:

Ukungu unapotanda, hufichika ya shinani,
Hata msitu kukonda, huujui hadharani,
Picha unayoipenda, isikutie shimoni,
Jua likisha kupanda, rudi tena msituni.

Wazazi wa pwani wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi Nairobi wawaonyeshe ubeti huu. Wengi wao wanazo simu zenye kamera, na Jumapili hawana la kufanya. Waambiwe kwamba baba zao walijua kuisoma bahari kwa rangi yake, wakajua penye kina na penye mwamba, kwa kuwa waliitazama asubuhi na adhuhuri na jioni. Nahodha aliyeijua bahari ya asubuhi tu hakupewa chombo cha mtu.